Lori la Pamba na Kidole Gumba cha Fundi

Ukimpa mkono asubuhi, mdomo wake ulijibu salamu kwa adabu zote, lakini kidole gumba kilikuwa kinatembea juu ya kiganja chako kikitafuta kitu. "Una sugu mpya, Katekista," aliniambia mara nyingi. "Jana ulishika jembe." Na kweli jana yake nilikuwa nimepalilia mchicha wa parokia.

Huyo ndiye fundi wa vigari wa Igogo, Mwanza, jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka mingi. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo nawaachia ndugu zake wa Kagera. Mimi nilimkuta akiwa tayari mtu mzima, mgane, Mlutheri asiyekosa ibada, amejaa vumbi jeupe tangu nyusi hadi kandambili kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga. Mungu akitaka kumchekesha mja wake humpa jirani. Mimi nilipewa huyu, na mpaka leo nashukuru.

Zamani alitengeneza boti za fibaglasi katika karakana moja ya Nyakato. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, karakana ikapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaja na mafundi wao. "Boti nimewaachia," alisema, "mikono nimeondoka nayo." Miaka hiyohiyo mji ulikuwa unajaa magari yaliyotumika kutoka Japani, kila wiki sura mpya barabarani, naye aliyatazama kama watu wanavyotazama wageni wa harusi. Akaanza kuyatengeneza madogo, ya kukaa kiganjani, ya kupangwa juu ya kabati la vyombo. Watu wazima waliyanunua wakiwasingizia watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alichonga gari moja la mti, akaliita mama. Akishamwandaa, alimzungushia kalibu, ganda la fibaglasi la vipande viwili linaloshika umbo lake kama tope linavyoshika unyayo. Kisha alimtoa mama, akamimina ndani ya kalibu rezini, ule utomvu mzito wa kutengenezea boti, ukaganda ukawa mgumu kama mfupa. Hapo watoto walianza kutoka, mmoja baada ya mwingine, wote sura moja.

"Kumimina anaweza yeyote mwenye kopo," alikuwa akisema. "Kazi ni kumwandaa mama."

Na kumwandaa mama kulichukua majuma. Kalibu haina huruma. Inanakili kila kitu, hata mkwaruzo ambao jicho halioni. Kwa hiyo aliziba matundu kwa puti, akasugua kwa msasa na maji, akapuliza rangi ya kijivu. Ile rangi ilikuwa kama Kwaresima: mtu aliyejidhani safi anaanza kuona madoa yake. Aliziba tena, akasugua tena, akapuliza tena. Mwisho alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya paa, juu ya boneti, kwenye milango. "Macho yanahongwa na rangi," alisema. "Kidole hakihongeki."

Alikuwa na adui mmoja tu duniani, aliyemwita ndoano. Ndoano ni mahali popote kwenye mama panapoingia ndani kisha pakapanuka, kama chini ya bampa au nyuma ya kioo cha pembeni. Kalibu ikiingia humo haitoki bila kuvunja kitu. Basi kila ndoano aliijaza udongo mpaka ikawa mteremko. Akiwa barabarani hakuyaona magari kama sisi tunavyoyaona. Aliona ndoano. Basi la Musoma lilipopita na keria yake na ngazi yake ya nyuma, alishika kichwa: "Ndoano tupu! Huyo hatoki hata kwa maombi!"

Kidole chake kilituletea balaa. Siku ya harusi ya binti wa jirani ilikodiwa gari nyeupe, na mwenye gari alijisifu kwa kila mtu kwamba ameipokea mpya kutoka melini, haijawahi kuguswa. Fundi alipita akielekea kwenye wali, kidole kikateleza kwenye mlango wa nyuma, akasimama.

"Huyu kagongwa," alisema.

"Kagongwa nani, mzee?"

"Mlango. Umezibwa puti hapa mpaka hapa. Na aliyesugua alikuwa na haraka."

Mwenye gari alikuja juu, wazee wakaingilia, bibi harusi akachungulia dirishani akauliza kama bado anaolewa. Fundi aliomba radhi, akala wali wake, kisha akaninong'oneza: "Lakini kagongwa."

Kwa vitu alikuwa na subira ya Ayubu. Kwa watu hakuwa nayo hata ya kungojea ugali upoe. Aliweza kukaa mchana mzima na matairi manne yasiyozidi ukubwa wa vifungo vya koti, halafu akagombana na muuza maji kwa kuchelewa kidogo. Alichukia kelele za majirani, ilhali yeye mwenyewe alisugua kwa kuimba. Kila sehemu ya gari ilikuwa na wimbo wake. Paa lilihitaji wimbo mrefu wenye beti zote, mlango ulimalizwa na pambio. Aliimba vibaya, Mungu amrehemu, lakini kwa juhudi. Mke wangu akiwa jikoni alisikiliza ukutani, akaniambia, "Leo shemeji yuko kwenye boneti," na akikosea ni mara chache.

Kila Jumapili jioni tulitaniana. Mimi nilimwuliza Walutheri watamaliza lini kuimba waanze kusali. Yeye alinijibu kwamba Wakatoliki tuna haraka ya kwenda kula. Baada ya hapo tulikula pamoja.

Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka siku ile alipokuja mama wa Kamanga.

Alivuka na kivuko cha asubuhi, mjane wa makamo, mrefu, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Nilikuwa nimekaa pale kwa fundi.

"Hodi. Ndiwe fundi wa vigari?"

"Karibu. Weka mezani."

"Siweki mpaka nione meza yenyewe."

Aliikagua meza. Akaipangusa kwa ncha ya kitenge. Ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na lori la mti, urefu wa kiganja na vidole vyake, jeusi kwa moshi wa miaka. Lilikuwa lori la pamba la zamani, pua ndefu, bodi ya mbao. Marehemu baba yake alikuwa utingo wa malori hayo, akalichonga kwa kisu jioni baada ya jioni. Tangu afariki, watoto wa mzee huyo walikuwa wamegombania lori hilo mpaka hawasalimiani. Mashamba waligawana kwa amani, ng'ombe waligawana kwa amani, lori likawashinda.

"Nataka kila mmoja apate lake," alisema. "Tuna misa ya kumbukumbu ya baba baada ya mavuno. Nataka siku hiyo waje, wakae meza moja."

Fundi alikuwa tayari amefumba macho na kidole kiko kazini. Kikasimama ubavuni, kwenye chale ndefu.

"Hapa pana kasoro. Nitapaziba."

"Hapo usiguse."

"Mama, kasoro ya mama inazaliwa na watoto wote. Ndiyo sheria."

"Basi na wazaliwe nayo. Baba alikuwa anachonga hapo walipomwita kwamba nimezaliwa. Kisu kikateleza. Hiyo ndiyo cheti changu cha kuzaliwa, fundi, sina kingine."

Fundi akakiondoa kidole kwenye chale, akamvutia mama yule kiti. Nyuma ya ukuta nikasikia mke wangu akisema taratibu, "Amepatikana."

Na kweli alipatikana. Mtu ambaye hakuwa akivuka hata barabara bila sababu akawa anavuka ziwa kila wiki, eti kutoa taarifa ya maendeleo. Alianza kuoga kabla ya kazi, jambo lisilo na maana kwa mtu wa msasa. Siku moja alirudi kutoka Kamanga akakaa kwenye kizingiti changu.

"Nimemwuliza, Katekista."

"Umemwuliza nini?"

"Unadhani nini? Bei ya dagaa?"

"Akasemaje?"

"Kasema, 'Siku nitakapoona ndugu zangu wamekaa meza moja, kila mmoja na lori lake, nitakujibu. Kabla ya hapo usiniulize tena, utachosha kivuko.'"

Tangu hapo kazi ile ikawa ibada. Alimwosha mama kwa sabuni mpaka moshi ukatoka. Akang'oa matairi. Akajaza udongo madirishani na chini ya bampa mpaka ndoano zote zikaisha. Akapaka vanishi na kusugua, vanishi na kusugua, nyimbo zikisikika tangu alfajiri. Alipofika kwenye chale alisugua kuizunguka, kama mtu anayefagia chumba chenye mgeni aliyelala. Iliuma, nilimwona. Kidole kilikuwa kinairudia kikitamani kuiziba.

Ilibaki hatua moja. Kabla ya kuzungushiwa kalibu, mama lazima apakwe nta, ili ganda lisigandane naye. Bila nta, mama na kalibu ni mwili mmoja, na vikishaungana hakuna wa kuvitenganisha. Kila siku alitumia nta ya sakafu. Siku hiyo nta ya sakafu haikuwepo Igogo nzima, na misa ilikuwa inakaribia. Basi akawaza jambo ambalo angeliwaza mtu wa Mwanza peke yake. Miaka ile viwanda vya samaki vilichukua minofu ya sangara vikaipeleka kwa ndege, sisi tukabaki na mifupa na mafuta. Mafuta ya sangara yalikuwa kila mahali, tulikaangia, tuliwashia taa, yaliingia mpaka kwenye mashuka. Fundi akayayeyusha pamoja na vipande vya mshumaa, akampaka mama tangu pua hadi mkia.

"Shemeji," mke wangu alimwambia ukutani, "hiyo itanuka."

"Shemeji, lori halina pua."

"Lenye pua liko juu ya bati la jirani, linakuangalia."

Alikuwa anamaanisha korongo. Korongo wa Mwanza anafahamika: kichwa cha mzee aliyetoka kuugua, mfuko shingoni, mwendo wa mkaguzi wa shule. Anakula utumbo, anakula kandambili, hakuna kinachomshinda. Fundi alicheka, akamweka mama juu ya ukuta apate upepo mafuta yagande, akaingia ndani kukoroga rezini.

Kilichofuata nilikisikia kabla ya kukiona. Kwanza kishindo cha mbawa. Kisha sauti ya fundi, ambayo haikuwa ya wimbo wowote wa Kilutheri.

Korongo alikuwa ameinua lori la pamba mdomoni, pua mbele, anajaribu kulimeza. Lilikuwa refu kidogo. Akalirusha, akalidaka, akajaribu tena. Fundi alimtupia kandambili ya kwanza, akakosa. Akatupa ya pili, korongo akaruka na lori lake, akatua juu ya bati la kanisa letu. Hiyo ndiyo siku ya kwanza kumwona jirani yangu akikimbilia Kanisa Katoliki, tena bila viatu.

"Katekista! Fanya kitu! Ni la kwenu hilo kanisa!"

Mawe nilikataa, yangevunja lori. Ngazi hatukuwa nayo. Nikasema moyoni, Ee Bwana, uliyemwamuru nyangumi amtapike Yona, huyu ni ndege tu. Nikashika chuma, nikaipiga kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye boriti, na nililipiga kama siku ya Pasaka.

Sasa, kengele ikilia saa isiyo ya ibada, Igogo inajua maana yake. Kabla sijachoka mkono, akina mama wakatokea pande zote, vitenge vimefungwa viunoni, wengine wameshaanza kulia.

"Nani amekufa? Nani amekufa?"

"Bado!" fundi alipiga kelele akionyesha juu. "Lakini likivunjika lile, ni mimi!"

Wakatazama juu. Kilio kikageuka, kwanza kikohozi, kisha kicheko ambacho sijakisikia tena mtaani kwetu. Korongo akakasirishwa na rimu, akakasirishwa na kicheko, akafungua mdomo kutugombeza. Lori likaponyoka, likaanza kuteleza juu ya bati.

"Tandazeni!" alilia fundi. "Tandazeni vitenge!"

Walifungua vitenge, wakavishika pembe nne nne, wakakimbia huku na huku chini ya ukingo kama wavuvi waliochanganyikiwa. Lori likafika ukingoni, likasita. Kisha likadondoka katikati ya kitenge cha mwenyekiti wa kwaya. Vigelegele vilipigwa mpaka padri akatoka amevaa soksi moja.

"Lori limeokolewa na rimu la lori," fundi alisema, akaketi chini mavumbini, akacheka mpaka akalia.

Kicheko kilikatika kidole kilipofika kwenye boneti. Mdomo wa korongo ulikuwa umeacha shimo pale, si kubwa, la kutosha punje ya hindi.

Jioni alikuja kwangu, lori mkono mmoja, puti mkono wa pili. Kuziba shimo lile kulikuwa kazi ya pambio moja. Hakuna jicho ambalo lingejua.

"Nizibe, nisizibe?"

"Wewe unasemaje?"

"Nikiziba, mikono yangu itajua. Nisipoziba, nitamrudishia gari la baba yake limetobolewa na ndege, na jibu lake nalijua. Tena kasoro itazaliwa na watoto wote. Kila ndugu yake atakuwa na ushahidi wa ujinga wangu sebuleni."

"Kwetu," nilimwambia, "tunaungama kwanza, kisha ndiyo tunaziba."

"Nyie na kuungama kwenu," alisema. Lakini asubuhi alipanda kivuko, na nikaenda naye.

Mama wa Kamanga alimsikiliza mpaka mwisho amesimama mlangoni. Fundi hakuacha kitu, hata zile kandambili. Alipofika kwenye mafuta ya sangara mama yule akakaza midomo. Alipofika kwa padri na soksi moja akageuka akatazama ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Baba," alisema alipoweza kupumua, "baba yangu aliwahi kunyang'anywa kofia na korongo kule ginari, kiwandani kwa pamba. Alikisimulia kisa hicho mpaka siku ya kufa." Akalichukua lori, akaweka kidole chake kwenye shimo. "Usizibe."

"Watazaliwa nalo wote," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo nataka. Kovu moja la kisu, kovu moja la korongo."

Kwa nta ya sakafu safari hii, niliyoitafuta mimi hadi Nyakato, mama wa mti alizungushiwa kalibu. Siku ya kuifungua tulikuwa wengi kuliko kwenye ubatizo. Fundi aliingiza vipande vya mbao kwenye mshono, akagonga taratibu, akagonga tena, haikuachia. Mke wangu alianza Salamu Maria. Ikasikika sauti kama ya busu, kalibu ikafunguka, na lori la pamba likatoka zima, hata ukucha haukupotea. Watoto walipotoka, kila mmoja alikuwa na chale ubavuni na tundu kwenye boneti, na fundi aliyesugua kasoro maisha yake yote aliwapanga juu ya ukuta, chini ya ulinzi mkali, akawatazama kama babu.

Siku ya misa ndugu wale walikuja wakiwa wamenuna, kila mmoja na kiti chake mbali. Mama wa Kamanga aliwagawia malori bila hotuba. Kaka mkubwa akageuza lake, akaona tundu.

"Hili limeharibika."

"Hata langu," akasema mdogo wake, neno lake la kwanza kwake kwa muda mrefu.

"Na langu. Nini hii?"

Ikabidi fundi asimulie. Alisimulia amesimama, akaigiza korongo, akaigiza padri. Kufika kwenye kitenge cha mwenyekiti wa kwaya viti vilikuwa vimesogea vyenyewe, na kaka mkubwa alikuwa amemshika mdogo wake begani ili asianguke kwa kucheka. Mama wa Kamanga aliwatazama wote mezani. Kisha akamsogelea fundi, akampangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge, kama alivyoipangusa ile meza.

"Ndiyo," alimwambia. "Sasa kaa ule."

Padri na mchungaji walielewana, ashukuriwe Mungu, na fundi na mama wa Kamanga wakafunga ndoa. Fundi ndiye aliyehamia Kamanga, na Igogo ilimtania mpaka ikachoka: "Fundi ameolewa!" Alijibu akiwa kwenye kivuko, kalibu zake miguuni: "Afadhali kuolewa nikala sato kuliko kuoa nikala vumbi!"

Miaka ilipita. Mara ya mwisho kumtembelea, mimi natembea kwa fimbo, yeye macho yameingia ukungu hata uso wangu haoni. Nikampa mkono. Kidole gumba kikatembea.

"Katekista," alisema kabla sijatamka neno. "Jembe umeliacha. Umekuwa laini kama askofu."

Alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mezani palikuwa na malori mawili ya pamba, moja mama wa mti, moja mtoto wa rezini, yamechakaa sawasawa kwa mikono ya wajukuu, yamepakwa rangi ileile ya buluu. Akaniambia nichague lipi ni la mti. Nilipima uzito, nikagonga, nikafumba macho nikapitisha kidole kama yeye. Chale hii, tundu hili. Chale hii, tundu hili. Nikakiri kwamba sijui.

"Kidole chako hakina elimu," alisema. "Tumia pua."

Nikalinusa la kwanza: halina kitu. Nikalinusa la pili. Baada ya miaka yote ile, toka ndani kabisa ya mti, likanipanda puani sangara, sangara wa miaka ile, na mtaa wote ukarudi, rimu na vitenge na soksi moja. Nikacheka mpaka fimbo ikaanguka. Yeye naye akacheka, mdomo wazi, machozi yakichuruzika kwenye makunyanzi.

Ghafla akainua kichwa. Kisha nami nikasikia. Juu ya bati, polepole, kitu kizito kilikuwa kinatembea kwa mwendo wa mkaguzi wa shule.

Mkono wake ukaruka mezani, ukapapasa malori yote mawili, ukachagua bila kukosea, ukalisukuma lori la mti ndani ya shati, kifuani.

"Mke wangu!" aliita. "Amekuja!"

Kutoka jikoni nikasikia sufuria ikiwekwa chini na miguu ikikimbia.

"Shikilia hapohapo!" mama wa Kamanga alijibu, sauti imejaa kicheko. "Nafunga dirisha!"